Kutoka Mkanda Hadi Simu: Nani Aliyelipia Picha?

Simama leo langoni mwa kiwanda wakati wa kubadilishana zamu, au pita jioni katika kambi za mashamba ya chai na miwa, utaona kwamba wafanyakazi wengi wana kamera mfukoni. Kamera hiyo ni simu. Mama hupiga picha kumi za mtoto, huchagua moja, tisa huzifuta, na ile moja humfikia bibi kijijini kabla maji ya chai hayajachemka. Si zamani sana picha kumi zilikuwa jambo la kuwekewa akiba.

Kila yanapozuka mazungumzo ya filamu na dijiti, watu hubishana juu ya uzuri. Mmoja husema picha ya mkanda ina uhai, mwingine husema ya simu ni safi zaidi. Hatuyadharau mabishano hayo, na tutayagusa. Lakini kurasa hizi ni za wafanyakazi, na mfanyakazi akitazama kitu chochote hupenda kujua kwanza nani alikitengeneza, alilipwa nini, na kilipobadilika nani aliyeumia. Kwa mizani hiyo, habari ya picha ina mengi ya kutufunza kuliko inavyodhaniwa.

MKANDA NA TARAKIMU

Filamu ni ukanda wa plastiki uliopakwa jelatini, yaani gundi laini itokanayo na mifupa na ngozi za ng'ombe zilizochemshwa. Ndani ya jelatini zimo chembe ndogo mno za chumvi ya madini ya fedha. Mwanga ukizigusa chembe hizo hubadilika, ingawa kwa macho huoni kitu. Mkanda ukitiwa katika dawa, chembe zilizoguswa na mwanga huwa nyeusi, na dawa ya pili huziondoa zile zisizoguswa. Ndiyo maana katika negativu shati jeupe huonekana jeusi na nywele nyeusi huonekana kama mvi. Kisha mwanga hupitishwa katika negativu juu ya karatasi yenye dawa, na mambo hugeuka tena yakawa sawa.

Kamera ya dijiti haina mkanda. Mahali pa filamu pana kipande cha silikoni, katika simu ni kidogo kuliko ukucha, chenye mamilioni ya vituo vya kupokea mwanga. Kila kituo hupima mwanga uliokiangukia, huugeuza kuwa umeme, na umeme huo huandikwa kwa tarakimu. Picha basi ni orodha ndefu ya tarakimu, na orodha ya tarakimu inaweza kunakiliwa mara elfu bila kuchakaa, au kubadilishwa bila kuacha alama ya wembe. Kipande cha mwanzo cha aina hiyo kilibuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith katika maabara za Bell huko Marekani. Mwaka 2009 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Juu ya uzuri tuseme machache. Filamu ya negativu huvumilia jua kali. Kamera ya dijiti huona vizuri zaidi penye giza. Filamu huharibiwa na joto na ukungu, maadui wawili ambao sisi tunaoishi karibu na maziwa makuu tunawajua sana.

Lakini kuna jambo moja ambalo wapenzi wa filamu hawalitaji. Kwa miaka mingi filamu za rangi zilitengenezwa kwa kupimwa na ngozi nyeupe. Maabara za kusafishia picha zilipewa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, mafundi wakaiita kadi ya Shirley, na rangi za picha zote zikarekebishwa mpaka uso wa mwanamke huyo uonekane vyema. Uso mweusi ulitoka kama kivuli chenye macho na meno. Malalamiko ya wazazi wa watoto weusi huko Marekani hayakutosha kuibadilisha filamu. Kilichowasukuma watengenezaji zaidi ni wafanya biashara wa chokoleti na wa samani za mbao, walioona bidhaa zao za rangi ya kahawia hazitoki sawasawa katika matangazo. Kwa hiyo anayesikitika kwamba marehemu babake haonekani vizuri katika picha ya rangi ya miaka ya 1970 asimlaumu tu mpiga picha wa senta.

MPIGA PICHA WA SENTA

Wazee wetu wa mashambani wanamkumbuka mtu huyo. Studio yake ilikuwa chumba kimoja, ukutani pamechorwa ndege, au bahari yenye minazi, na ndani kiti kilicho kizuri kuliko vyote pale senta. Siku ya mshahara palikuwa na foleni. Mtu alikuja na shati la kuazima na saa ya kuazima, pengine akakabidhiwa redio ya mwenye studio aishike mkononi, akasimama wima bila kucheka. Mkanda ulikuwa na picha 36, na mpiga picha hakutaka kuupeleka kusafishwa kabla haujajaa. Kwa hiyo aliyepigwa wa kwanza alimngoja wa thelathini na sita. Picha nyeusi na nyeupe alizisafisha mwenyewe katika chumba cha giza. Za rangi zilipanda basi kwenda mjini, zikarudi baada ya wiki moja au mbili. Filamu ikiliwa na unyevu, au basi likipotea na bahasha, lawama zote zilikuwa zake.

Aliishi kwa kazi hiyo, akasomesha watoto, na kwa kawaida alikuwa na kijana mmoja wa kumfundisha. Hata hivyo tusiipambe kazi ile kuliko ilivyokuwa. Dawa za kusafishia picha, hasa zenye metoli na haidrokwinoni, huleta ugonjwa wa ngozi kwa wanaozigusa kila siku bila glavu, na mafundi wengi wa vyumba vya giza walichovya vidole vitupu. Vyumba vyenyewe mara nyingi havikuwa na hata tundu la kupitisha hewa.

Dijiti ilimnyang'anya kwanza kazi ya kusafisha, kisha kazi ya kupiga. Aliyebaki leo ana kompyuta na mashine ya kuchapia. Hutoa picha za vitambulisho kwa dakika chache, hupiga harusi, na bei anayoipata ni ile ambayo jirani mwenye simu hajaikubali bado. Kiinua mgongo hakupata, maana hakuwa na mwajiri. Chama cha kumtetea hakuwa nacho pia.

MJI ULIOJENGWA NA FILAMU

Filamu aliyoinunua mpiga picha wetu, mara nyingi ikiwa katika kisanduku cha manjano, ilitoka kwa wafanyakazi wengine, na yaliyowapata hao ndiyo hasa tunayotaka msomaji ayatafakari.

Kampuni ya Kodak ilianzishwa na George Eastman katika mji wa Rochester, jimbo la New York. Mwaka 1888 alitoa kamera iliyouzwa ikiwa na filamu ya picha 100 ndani yake. Mnunuzi akizimaliza alirudisha kamera nzima kiwandani ikasafishwa na kutiwa filamu mpya. Mwaka 1900 akatoa kamera iitwayo Brownie kwa dola moja tu. Faida yake kubwa ilitoka katika filamu, kwa kuwa kamera hununuliwa mara moja na filamu hununuliwa maisha yote.

Upakaji wa filamu ulifanywa gizani. Mamia ya wafanyakazi walipita katika korido zisizo na taa, wakijua njia kwa mkono na kwa mazoea, maana mwali mmoja wa mwanga ungeharibu kazi ya zamu nzima. Mwaka 1982 Kodak iliajiri watu zaidi ya 60,000 katika Rochester peke yake, na mwaka 1988 duniani kote ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 145,000. Walilipwa vizuri. Tangu mwaka 1912 Eastman aliwagawia sehemu ya faida, akawapa na mafao mengine, na kwa njia hiyo kampuni ikafaulu kwa miongo mingi kuvizuia vyama vya wafanyakazi visiingie katika viwanda vyake vya Rochester. Wengi waliona hawana haja ya chama. Mwajiri alikuwa kama baba.

Sasa sikiliza. Kamera ya kwanza ya dijiti ilitengenezwa ndani ya Kodak yenyewe. Mwaka 1975 mhandisi kijana, Steven Sasson, aliunganisha vipande mbalimbali akapata chombo cha karibu kilo 3.6, kilichochukua sekunde 23 kuiandika picha moja nyeusi na nyeupe katika kaseti, nayo ikatazamwa katika televisheni. Picha ilikuwa na nukta 10,000 tu. Wakubwa wa kampuni waliiona. Hawakuwa wajinga, wala si kweli kwamba hawakujua kitu kama inavyosemwa mara nyingi. Kodak iliendelea kufanya utafiti wa dijiti na kuuza kamera zake kwa miaka mingi. Lakini filamu ilikuwa ikileta faida nono, na mtu hachinji kwa hiari ng'ombe anayemkama.

Ng'ombe alikufa mwenyewe. Tangu mwaka 2003 mpaka ilipoomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, Januari 2012, Kodak ilifunga viwanda 13 na maabara 130 za kusafishia picha, ikapunguza wafanyakazi 47,000. Mwaka 2007 baadhi ya majengo makubwa ya kutengenezea filamu Rochester yalibomolewa kwa baruti, watu wakiwa wamekusanyika kutazama. Wastaafu walipoteza bima yao ya matibabu katika shauri hilo la kufilisika. Walikuwa wameahidiwa na kampuni iliyokuwa kama baba, lakini mahakamani waliingia katika foleni ya wadai pamoja na mabenki, na mabenki hayakosi mawakili.

Huko Uingereza mambo yalikwenda kwa njia isiyo ya kawaida. Mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa Kodak wa nchi hiyo ulikuwa unadai dola bilioni 2.8. Kampuni haikuwa na fedha hizo. Basi mwaka 2013, katika mapatano ya kumaliza deni, mfuko ulichukua sehemu ya biashara yenyewe, pamoja na ile ya kuuza filamu, ikaitwa Kodak Alaris. Fikiria: pensheni ya mzee aliyefanya kazi ya filamu ikategemea filamu iuzwe, katika miaka ambayo watu walikuwa wameiacha. Mwaka 2020 mfuko ulikabidhiwa kwa chombo cha Uingereza kinachopokea mifuko ya pensheni iliyoelemewa, na mwaka 2024 Kodak Alaris iliuzwa kwa wawekezaji wa Marekani.

Wako wanaosema maendeleo ya ufundi hayazuiliki, na wafanyakazi wa filamu hawakuwa na la kufanya. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Fujifilm ya Japani ilipigwa na dhoruba hiyohiyo. Ilipunguza maelfu ya wafanyakazi, lakini pia iliuchukua ujuzi wake wa kemikali na wa jelatini ikautia katika dawa, vipodozi na utando wa vioo vya televisheni, na bado ipo. Mashine iliyokuja ilikuwa moja. Maamuzi ya nani abebe mzigo yalikuwa mbalimbali.

Mwaka huohuo wa 2012 Kodak ilipokwenda mahakamani, Facebook ilikubali kuinunua Instagram, kampuni ya kuonyesha picha kwa simu, kwa dola bilioni moja. Instagram ilikuwa na waajiriwa 13.

WALIOKATAA

Habari ya filamu si ya kupunguzwa kazini tu. Kampuni ya Polaroid, katika jimbo la Massachusetts, ilitengeneza filamu iliyojisafisha yenyewe kwa dakika moja hivi, na pia mtambo wa kutolea picha za vitambulisho papo hapo. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo, mkemia Caroline Hunter na mpiga picha Ken Williams, waliona hapo kazini mfano wa kitambulisho cha Idara ya Migodi ya Afrika Kusini. Wakagundua kwamba mitambo ya Polaroid ilitumika kutengenezea pasi, vile vijitabu ambavyo Mwafrika alilazimishwa kutembea navyo, akikosa anakamatwa. Wakaanzisha harakati ya wafanyakazi, wakataka bidhaa za kampuni yao wenyewe zisusiwe mpaka iondoke Afrika Kusini. Hunter alitoa ushahidi mbele ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 1971 akafukuzwa kazi. Polaroid ilijitoa Afrika Kusini mwaka 1977, baada ya kufichuka kwamba mitambo iliendelea kuifikia serikali ya makaburu kwa siri.

Polaroid nayo ilifilisika mwaka 2001. Wafanyakazi wake walikuwa wamekatwa sehemu ya mishahara kwa miaka mingi ili kununuliwa hisa za kampuni. Hisa hizo zikawa karibu karatasi tupu.

NA DIJITI INA WAFANYAKAZI WAKE

Husemwa kwamba dijiti ni picha isiyo na gharama. Msemo huo usipokelewe, hasa na sisi majirani wa Kongo. Betri nyingi za simu na kamera zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, katika maeneo ya Kolwezi na Likasi. Sehemu ya madini hayo huchimbwa na mitambo mikubwa; sehemu hutolewa na wachimbaji wadogo wenye sururu na magunia, wanaoshuka katika mashimo yasiyo na miti ya kuzuia udongo. Vifaa vidogo vya umeme ndani ya simu vina tantali, itokanayo na koltani ya Kivu, na huko pia watu hufukiwa. Filamu ilihitaji migodi ya fedha, dijiti inahitaji hii. Tofauti ni kwamba mfanyakazi wa filamu wa Rochester alihesabiwa katika vitabu vya kampuni, hata siku ya kupunguzwa. Mchimbaji wa shimoni Kolwezi mara nyingi hamo katika kitabu chochote, na siku shimo likiporomoka hajulikani nani adaiwe fidia.

Tukisema hayo, hatusemi turudi kwenye mkanda. Dijiti imempa mfanyakazi kitu ambacho filamu haikumpa kamwe, nacho ni ushahidi wake mwenyewe. Zamani picha ya ajali ya kiwandani, kama ilipigwa, ilipigwa na upande wa mwajiri. Leo mchuma chai anaweza kuipiga picha mizani kabla karani hajaandika kilo. Fundi anaweza kuonyesha mashine iliyong'olewa kinga ya mkanda, na tarehe ikawa pale. Vyama vinavyodai fidia ya kuumia kazini vinajua thamani ya jambo hilo.

Hapo ndipo pia penye udhaifu. Tarakimu hubadilishwa kwa urahisi, na sasa zipo programu zinazoweza kutunga picha nzima ya tukio ambalo halikutokea. Mwajiri mwenye wakili atasema picha yako ni ya kutungwa. Filamu haikuwa malaika. Katika Urusi ya Stalin, Nikolai Yezhov alifutwa katika picha aliyosimama kando ya kiongozi wake, na kazi hiyo ilifanywa kwa mkono. Lakini penye negativu pana kitu cha kushika, na mwenye negativu aliweza kuiweka mezani.

Kwa hiyo mwenye picha ya ushahidi asiifute katika simu aliyoipigia, hata akishaituma. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana na kuondoa maelezo ya tarehe na mahali yaliyofichwa ndani yake. Itumwe kama faili, kwa kule kunakotumwa nyaraka. Apige tukio kwa mbali kwanza, mahali pote paonekane, kisha kwa karibu. Awape nakala watu wawili siku ileile, mmoja awe katibu wa tawi. Simu huibwa, huanguka majini, huuzwa shida ikija, na picha za miaka mitano huenda nayo.

Na wenye mikanda na negativu za zamani wasizitupe. Maabara za kuzisafisha zimepungua sana, lakini filamu haijafa. Kiwanda cha Rochester bado kinaitengeneza, na mwaka 2022 Kodak ilisema inaajiri mafundi wapya kwa kuwa mahitaji yamezidi uwezo wake. Negativu ya zamani inaweza kupigwa picha na simu juu ya kioo cheupe chenye mwanga nyuma yake, kisha ikageuzwa rangi. Ya nyeusi na nyeupe, ikisafishwa vyema na kuwekwa pakavu, huwashinda watoto na wajukuu. Za rangi hufifia mapema, hizo zishughulikiwe kwanza. Zitolewe katika mifuko ya plastiki inayoshika jasho, zitiwe katika bahasha za karatasi, mbali na jiko na mbali na paa la bati. Nyuma ya picha za karatasi yaandikwe majina ya waliopigwa, shamba au kiwanda, na mwaka, kwa penseli laini, maana wino wa kalamu hupenya upande wa pili.